PUMZI NI YA MUNGU: NENO KWA ANAYEAMKA SAA NANE USIKU NA MAWAZO MENGI



Somo la leo ni refu kidogo. Kama uko kazini, lihifadhi ulisome jioni ukishatulia. Na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukomenti, kwa maana najua wako kati yenu ambao wakiona neno "Buddha" wataanza kukemea kwanza, halafu wasome baadaye.

Swali limeletwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa njia yake. Linakwenda hivi: "Pastor, kazini tumeletewa mafunzo ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Mwalimu anatuambia tukae wima, tufumbe macho, tufuate pumzi ikiingia na kutoka, na mawazo yakija tuyaangalie tu bila kupigana nayo. Sasa nimesikia mambo haya yametoka kwa dini ya Buddha. Je, mtu aliyeokoka anaweza kufanya hivyo, ama anafungua mlango kwa adui?"

Nitajibu kwanza, kisha nieleze. Jibu langu ni hili: pumzi si mali ya Buddha. Ni Mungu aliyeipuliza puani mwa Adamu (Mwanzo 2:7). Kutulia na kuifuata pumzi yako si dhambi. Lakini utulivu huo una mahali unapofika ukasimama, na ukimfanya huyo kuwa mwokozi wako utabaki na nyumba iliyofagiwa isiyo na mwenyewe. Hayo mambo mawili nayashika yote, moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto, na sitaki kuachilia hata moja.

1. TUJUE KWANZA TUNAZUNGUMZIA NINI

Mkristo asihukumu kitu ambacho hajakielewa. Mithali 18:13 inasema anayejibu kabla ya kusikia anajiletea aibu.

Zoezi hili tuliite uzingativu. Asili yake kweli ni Ubuddha, dini iliyoanzia kaskazini mwa Bara Hindi karne nyingi kabla ya Yesu kuzaliwa Bethlehemu. Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake wanamwita Buddha, alifundisha kwamba maisha yamejaa mateso, kwamba mateso yanatoka kwa tamaa na kung'ang'ania vitu, na kwamba kuna njia yenye sehemu nane ya kutoka humo. Uzingativu ni sehemu ya saba ya njia hiyo.

Namna ulivyofika ofisini kwako ni hadithi nyingine. Mwaka 1979, katika chuo cha tiba cha Massachusetts kule Marekani, mwanasayansi anayeitwa Jon Kabat-Zinn alianzisha programu kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo dawa zilishindwa kuyamaliza. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa walimu wa Kibuddha. Akachukua zoezi, akaacha sanamu, uvumba na mafundisho ya kuzaliwa upya, akalipeleka hospitalini. Kutoka hapo likaenea shuleni, jeshini, kwenye makampuni, na sasa liko ndani ya simu yako.

Je, linafanya kazi? Tuwe wakweli. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 276 waliokuwa na ugonjwa wa wasiwasi. Nusu walipewa dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huo, nusu wakapitishwa katika programu ile kwa wiki nane. Mwishoni, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kwa kiasi kinachokaribiana. Na Uingereza, miongozo ya matibabu ya taifa tangu mwaka 2004 imependekeza namna ya zoezi hili kwa watu ambao huzuni nzito huwarudia tena na tena. Kwa hivyo anayekuambia ni upuuzi mtupu hasemi kweli.

Wala usifikiri ni jambo la Wazungu na Wachina peke yao. Hapo jirani Uganda, karibu na Entebbe, kuna kituo cha Wabuddha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, aliyelelewa katika nyumba ya Kikatoliki na kukutana na dini hiyo alipokwenda kusoma India. Nairobi pia kuna hekalu lao. Kwa hivyo swali hili limekwisha kuvuka Athi. Liko mlangoni, na kanisa lisilolijibu litawaacha watoto wake walijibu wenyewe.

2. KWA NINI WATU WETU WANATAFUTA

Kabla hujamuuliza mtu kwa nini anafuata pumzi, muulize kwa nini hapumui vizuri.

Wewe uliye Kitui, Mwingi, Mutomo, Wote, Kibwezi au Mtito Andei unajua ninachosema. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika sehemu kubwa za maeneo kame ya nchi yetu, na Ukambani hatukusazwa. Umepanda ndengu ukaitazama ikikauka ikiwa na maua. Umeuza mbuzi kwa bei ya kuku. Mtoto ameitwa shule ya sekondari na karo haipo. Una mkopo wa simu unaolipa mkopo mwingine wa simu. Mume yuko Nairobi au Mombasa, na kila akipiga ni kusema mambo ni magumu. Halafu Jumapili unavaa vizuri, ukiulizwa habari unasema, "Nimebarikiwa sana."

Wazee wetu walizipa njaa majina. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na Ngomanisye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukaja ile waliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika: pesa ziko mkononi, chakula cha kununua hakipo. Mimi naona leo kuna Nikw'a Ngwete nyingine. Mtu ana simu mkononi, ana majina elfu mbili humo ndani, yuko kwenye magrupu kumi ya kanisa, na saa nane ya usiku hakuna hata mmoja anayeweza kumpigia amwambie, "Naogopa." Anakufa akiwa ameshika.

Dada mmoja muuguzi aliniandikia, na ameniruhusu niseme bila jina. Anafanya zamu ya usiku katika wodi ya kina mama. Usiku mmoja walimpoteza mama na mtoto kwa saa moja. Kuanzia siku hiyo hakulala. Akifumba macho anasikia ule mlango wa wodi. Kwenye mafunzo ya kazini akafundishwa aweke miguu sakafuni, afuate pumzi, na picha ile ikija asiikimbie wala asiivute, aitambue tu: hii ni huzuni, hii ni hofu. Usiku huo alilala saa tano mfululizo, mara ya kwanza kwa wiki tatu. Akafurahi, akamshuhudia mwenzake wa maombi. Mwenzake akamwambia amejifungulia mapepo ya Mashariki, atubu na afunge siku saba. Sasa halali tena, na hata kuomba anaogopa, kwa sababu kila akinyamaza anahofia amemwita nani.

Wapendwa, hapo ni nani aliyemfungia mtu huyu mzigo?

3. NYAMA YA SOKONI

Swali hili si jipya. Kanisa la Korintho lililiuliza kwa njia nyingine. Nyama nyingi iliyouzwa sokoni pale ilikuwa imepitia hekalu la sanamu kwanza. Mkristo anunue ama asinunue? Soma 1 Wakorintho sura ya 8 mpaka ya 10 ukiwa umetulia.

Paulo hakutoa jibu la mstari mmoja. Alisema mambo matatu. La kwanza, kula kinachouzwa sokoni bila kuhojihoji, maana dunia na vyote vilivyomo ni vya Bwana. La pili, usiketi kwenye meza ya mashetani. Ushirika wa ibada ni kitu kingine kabisa na nyama ya sokoni. La tatu, kama ndugu yako dhamiri yake ni dhaifu, usimkwaze kwa uhuru wako.

Sisi watu wa Makueni tunalielewa hili hata bila kwenda Bible school. Pale Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu waliofanya kazi ya reli. Mpaka leo wanampa msafiri yeyote chakula bure bila kumuuliza dini. Wangapi kati yenu mmekula pale? Ulivua viatu, ukafunika kichwa kwa heshima ya mwenye nyumba, ukala, ukamshukuru Mungu wako kwa jina la Yesu, ukaendelea na safari. Hukutoka Makindu ukiwa Singasinga. Na yule ambaye dhamiri yake ilimkataza akabaki kwenye gari, naye hakukosea. Alimheshimu Bwana kwa njia yake. Warumi 14 inawatosha wote wawili.

Kwa hivyo tutofautishe nyama na meza. Nyama ni ile stadi: kutulia, kupumua taratibu, kutambua hisia na kuitaja jina, kurudi kwenye dakika uliyo nayo. Hivyo vyote viko ndani ya mwili aliouumba Mungu. Ukivuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, moyo unapunguza mbio, misuli inalegea. Hilo linamtokea Mbuddha, Mkristo na asiye na dini, kama vile maji yanavyokata kiu ya kila mtu.

Meza ni yale mafundisho: kwamba hakuna nafsi ya kudumu ndani yako, kwamba unaweza kujikomboa mwenyewe kwa juhudi yako, kwamba hakuna Baba anayesikia. Meza ni kurudia maneno ya lugha usiyoijua ambayo ni maombi kwa mwingine. Meza ni kuinama mbele ya sanamu. Hapo mtoto wa Mungu anasimama na kusema, kwa heshima kabisa, "Asante, hapa mimi sifiki."

Ukifika kwenye mafunzo ya kazini, uliza. Tunafanya nini? Maneno haya maana yake nini? Kama ni kupumua na kutulia, fanya, na moyoni mwako umtaje Yesu. Kama ni ibada, omba ruhusa utoke. Danieli na wenzake walisoma elimu ya Wakaldayo na wakafaulu kuwashinda, lakini kwenye chakula na kwenye kuinama walijua mpaka wao uko wapi.

4. LORI ZA BARABARA YA MOMBASA

Acha nieleze stadi yenyewe kwa mfano wa kwetu, ili usiiogope.

Kaa Emali kando ya barabara. Lori zinapita usiku na mchana. Huwezi kuzizuia. Ukisimama katikati ya barabara kuzizuia kwa mikono, utakufa. Ukipanda kila lori linalopita, jioni utajikuta Mariakani au Malaba na hujui ulifikaje. Lakini unaweza kuketi kwenye benchi, ukaona lori likija, ukasema, "Hilo ni lori," likapita, na wewe ukabaki Emali.

Mawazo ni hivyo. "Nitashindwa kulipa karo." Hilo ni lori. "Mume wangu ananificha jambo." Lori. "Mungu amenisahau." Hilo ni lori kubwa lenye trela. Watu wengi wetu tunaumia kwa sababu tunapanda kila lori, kisha tunalaumu shetani kwa safari. Kutambua kwamba wazo limekuja, na kwamba kuja kwake hakulifanyi kuwa kweli, ni hekima. Paulo anasema tuteke nyara kila fikira ipate kumtii Kristo (2 Wakorintho 10:5). Utatekaje nyara kitu ambacho hujakiona kikipita?

Hata kanisa la kale lilijua jambo hili, tena hapa hapa Afrika. Katika karne ya 4, jangwani Misri, kulikuwa na wamonaki waliokaa kimya na kuchunguza mawazo yao mmoja mmoja. Mmoja wao, Evagrius, aliandika orodha ya mawazo manane yanayomsumbua mtu: kuna la huzuni, la hasira, kuna na lile la uchovu wa roho linalokuja mchana jua likiwa kali. Alifundisha watu walitazame wazo, waulize limetoka wapi, kisha walijibu kwa Neno. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba Ukristo haukuwahi kujua kunyamaza.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na yule mwalimu wa kazini. Yeye anasema lori zote ziache zipite. Mimi nasema, kuna lori nyingine inakuletea ujumbe, na hiyo ni lazima uisimamishe. Kama mumeo anakupiga, hofu yako si wingu la kupita, ni kengele. Kama umefanya kazi miezi minne bila mshahara, hasira yako ina jambo la kusema. Kama dhamiri inakusuta kwa sababu umemdhulumu ndugu yako shamba la baba yenu, usifuate pumzi. Rudisha shamba. Kuna amani ambayo ni dawa ya ganzi tu: haiumi, lakini kidonda kinaoza.

Mtazame Nehemia. Aliposikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka, aliketi, akalia, akafunga, akaomba. Alijipa muda na huzuni yake. Lakini hakuishia kuketi. Aliinuka, akamwendea mfalme, akaomba barua na mbao, akaenda kujenga. Utulivu wa Biblia una miguu.

5. NYUMBA TUPU

Yesu alitoa mfano katika Mathayo 12 wa nyumba iliyofagiwa, ikapambwa, ikabaki tupu. Mwisho wake ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nakuomba uelewe: tatizo halikuwa ufagio. Kufagia ni kuzuri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyehamia.

Pumzi inaweza kufagia. Inaweza kukutuliza mapigo ya moyo, ikakupa dakika kumi za kufikiri. Lakini haiwezi kukusamehe dhambi. Haiwezi kukujua jina. Haiwezi kukuahidi kwamba utamwona mama yako aliyelala katika Bwana. Mbuddha anafundishwa kuangalia maumivu yake mpaka yapoteze nguvu. Mkristo anafundishwa kuyabeba maumivu yake na kumpelekea Mtu. Hiyo ndiyo tofauti, na si ndogo.

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "kutafakari" katika Zaburi ya 1 ndilo hilo hilo lililotumika katika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Si kuondoa kila kitu akilini. Ni kuwa na kitu kinywani na kukitafuna kwa sauti ya chini. Mwangalie mbuzi chini ya mgunga saa saba mchana. Ametulia kabisa, lakini kinywa hakijasimama. Anacheua. Huo ndio utulivu wetu: mwili umetulia, Neno linacheuliwa.

Na angalia Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto Karmeli, muda mfupi baadaye amelala chini ya mti anaomba kufa. Je, Mungu alimkemea? Alimwambia hana imani? Hapana. Alimlaza. Akamwamsha, akampa mkate na maji. Akamlaza tena. Akamlisha tena. Ndipo akampa safari, na mwisho wa safari, sauti ndogo tulivu, na mwisho wa sauti, mwenzake wa kazi anayeitwa Elisha. Usingizi, chakula, mwendo, utulivu, rafiki. Hiyo ndiyo tiba ambayo Mungu mwenyewe aliitoa kwa mtumishi wake aliyezidiwa na mawazo, na mahubiri hayakuwa ya kwanza kwenye orodha.

6. FANYA HIVI USIKU WA LEO

Sitaki ubaki na nadharia. Ukiamka saa nane na kifua kimebana, jaribu hivi:

KWANZA, usishike simu. Usiangalie salio, usifungue magrupu. Keti ukingoni mwa kitanda, miguu iguse sakafu.

PILI, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi. Fanya hivyo mara kumi. Kila ikiingia kumbuka aliyekupa. Kila ikitoka mwachie.

TATU, itaje hisia yako kwa jina mbele za Mungu, kwa lugha ya mama yako kama Kiswahili hakitoshi. "Baba, hii ni hofu. Hii ni aibu. Hii ni hasira kwa ndugu yangu." Daudi alifanya hivyo katika Zaburi ya 13, kama wana wa Kora katika ya 42. Hakujifanya sawa. Kumwambia Mungu ukweli si kukiri kushindwa, ni kuomba.

NNE, chukua mstari mmoja mfupi uucheue. Zaburi 23, Zaburi 46, Wafilipi 4:6-7, 1 Petro 5:7. Mmoja tu. Usikimbie sura nzima.

TANO, chagua kitu kimoja cha kesho. Kimoja. Nitampigia mwalimu mkuu kuhusu karo. Nitaenda kliniki. Nitamwambia dada fulani. Yesu alisema siku moja ina taabu yake ya kutosha (Mathayo 6:34). Usibebe ya Alhamisi siku ya Jumatatu.

Na tahadhari moja. Kama umepitia jambo zito sana, ubakaji, ajali, kifo ulichokiona kwa macho, kukaa kimya peke yako kunaweza kufungua kumbukumbu zikakuzidi. Ukiona hivyo, acha. Fungua macho, simama, tembea nje, mguse mtu. Usipambane peke yako. Tafuta mshauri aliyefunzwa.

7. KWA VIONGOZI NA WAOMBAJI

Sasa nina neno kwa sisi tunaoweka mikono juu ya watu.

Mapepo yapo, na jina la Yesu linayatoa. Hilo nalihubiri na nitaendelea kulihubiri. Lakini si kila anayelia ana pepo, kama vile si kila anayekohoa ana TB. Tunapomwambia muuguzi aliyechoka kwamba ana roho ya mauti, tunamwongezea hofu juu ya uchovu. Sote tuliona msitu wa Shakahola mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ikifukuliwa, watu walioambiwa chakula na hospitali ni adui wa imani. Tusiseme hilo lilikuwa Kilifi na sisi tuko Ukambani. Mbegu yake ni ndogo: huanza na mtumishi anayemwambia mgonjwa atupe dawa.

Januari 2025 Mahakama Kuu kule Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Ndugu zangu, kama mahakama imeacha kumwita mtu huyo mhalifu, kanisa lisiwe mahali pa mwisho pa kumwita mlaaniwa. Akija, mketishe. Msikilize. Mwombee. Kisha mshike mkono mwende naye hospitali ya rufaa ya Kitui au ile ya Wote. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na wazo la kujidhuru, usingoje Jumapili. Mwambie mtu sasa hivi, ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Na tuwe na mwethya wa mioyo. Mama zetu walichimba mitaro ya mashamba kwa mwethya. Leo kwa fulani, kesho kwa mwingine, na milima ya Mbooni na Kilungu ikabaki na udongo wake. Hakuna mwanamke aliyeambiwa achimbe mtaro wa shamba lake peke yake kwa imani. Wagalatia 6:2 ni mwethya. Nyumba kwa nyumba, watu watano watano, tuulizane habari na tungoje jibu la kweli. Mtu aliye na kikundi kama hicho hataulizia sana programu za simu.

8. "PASTOR UMEANZA KUTULETEA YOGA?"

Najua atakuwepo atakayeandika hivyo, kwa hivyo namjibu kabisa. Hapana. Sijamwambia mtu aende hekaluni, wala asome vitabu vya Wabuddha, wala aongeze kitu juu ya msalaba. Wokovu ni Yesu peke yake. Nimesema pumzi aliyoiumba Baba haikuhamishwa miliki kwa sababu mtu wa dini nyingine aliichunguza kabla yetu.

Na kama dhamiri yako bado inakukataza, usifanye. Una Zaburi, una magoti, una ndugu. Hutapungukiwa na kitu. Ila usimhukumu dada yako aliyelala usiku kwa kupumua na kumtaja Yesu.

Kule Kibwezi kuna mahali panaitwa Ngai Ndethya. Mungu nisaidie. Aliyepapa jina hilo hakuandika kitabu cha theolojia. Alikuwa mahali pakame, akasema ukweli wa hali yake na jina la msaidizi wake katika pumzi moja. Hiyo ni sala fupi, inatosha pumzi moja. Ikiingia: Ngai. Ikitoka: ndethya. Ukiamka saa nane leo, anza na hiyo.

TUOMBE

Baba, tunakuletea wote wanaobeba mawazo mengi usiku huu, kutoka Kyuso mpaka Mtito Andei, na watoto wetu walio mbali kutafuta riziki. Mkumbuke muuguzi, mwalimu, mwenye bodaboda, mama anayengoja mvua. Wape usingizi. Wape mkate. Wape rafiki wa kweli. Wafundishe kutulia mbele zako bila hofu, na kuinuka asubuhi kufanya lile moja uliloweka mikononi mwao. Usiache nyumba zao tupu, ingia ukae. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Kama umepokea, andika AMINA. Na kabla ya kusambaza somo hili kwa watu mia, mpigie mmoja leo umuulize analalaje.